Mawaridi Mawili: Mazungumzo juu ya Malezi, Majeraha ya Utotoni na Jinsia

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Sumbawanga.)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya vitabu. Haikusema vitabu gani. Mwalimu mstaafu akipewa nusu saa na asitajiwe jambo, kwa desturi huitumia yote kuwaeleza vijana jinsi watu wa zamani walivyosoma kuliko wao. Mimi sitafanya hivyo. Tulisoma sana, ni kweli, lakini sababu moja kubwa ilikuwa baridi ya Juni na Julai, ambayo ilitufungia bwenini tangu jua linapotua, na upepo wa Mbizi ukipiga mabati usiku kucha. Kingine cha kufanya hakikuwapo.

Nimechagua vitabu viwili ambavyo havijapata kukaa kwenye rafu moja. Cha kwanza ni chetu: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotolewa mwaka 1971. Cha pili ni cha Wajapani, nacho ni manga. Neno hili lisiwachanganye wazee wenzangu. Si Manga ile ya pilipili manga, yaani Arabuni. Manga kwa Wajapani ni hadithi za picha, ndefu kama riwaya na pengine ndefu zaidi, ambazo husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Vijana mnazijua kuliko mimi. Mnazisoma kwenye simu wakati wa likizo, na mkirudi shuleni mnasimuliana bwenini kama sisi tulivyosimuliana filamu za Kihindi. Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenipa hii ninayoisema, kwa tafsiri ya Kiingereza, akaniambia: Babu, soma kwanza, halafu ndipo useme ni mambo ya kitoto. Nimesoma. Si mambo ya kitoto, ingawa yanahusu watoto.

Inaitwa Waridi la Versailles. Ilitungwa na kuchorwa na mwanamke, Riyoko Ikeda, ikatoka kidogo kidogo katika gazeti la wasichana kati ya mwaka 1972 na 1973. Ikeda alikuwa na miaka 24 alipoianza. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kule Namagondo, Ukerewe, kwa hiyo naye hakuwa amefika miaka 30 alipotoa kitabu chake. Vijana wawili, mmoja Tanzania na mwingine Japani, ambao bila shaka hakuna aliyemjua mwenzake, walikaa karibu wakati mmoja na kuandika kila mmoja habari za waridi, na kila mmoja habari za binti aliyeharibiwa, au aliyeumbwa upya, na baba yake. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Kabla ya kuingia ndani, nieleze maneno mawili, maana bila hayo tutapotezana. Wanafunzi wa kidato cha tano watanisamehe. Jinsi ni maumbile: mtoto anazaliwa wa kiume au wa kike, na mkunga ndiye wa kwanza kutangaza. Jinsia ni yale yanayofuata baada ya tangazo la mkunga: nguo, kazi, jina, sauti anayoruhusiwa kuwa nayo, kulia au kutolia, kukaa jikoni au barazani. Na ndani ya hayo yote kuna mtu mwenyewe, ambaye siku moja hujiuliza: hivi mimi ni nani katika hayo niliyovishwa? Swali hilo ndilo wataalamu wanaloliita utambulisho wa kijinsia. Wengi wetu hatukupata kujiuliza kwa sababu vazi tulilovishwa lilitutosha. Kuna ambao liliwabana, na kuna ambao lilichanika wakiwa bado wadogo.

Sasa tuje kwa Rosa. Wenye umri wangu mnakumbuka kwamba kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kwa hiyo kilisomwa na kila mtu. Nakala niliyoisoma mimi ilikuwa haina jalada, imefungwa na gazeti, na ilipita kutoka godoro hadi godoro. Wavulana tulikuwa tunatafuta kurasa fulani, na hizo zilikuwa zimechoka kuliko nyingine. Huo ndio ulikuwa usomaji wetu wa kwanza. Mwalimu akikifundisha miaka 20 ndipo anapogundua kwamba kurasa nzito ni zile za mwanzo, ambazo zilibaki safi.

Mwanzoni Rosa ni msichana wa kijijini, binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Nyuma yake wako Flora, Honorata, Stella na Sperantia, kisha mtoto wa kiume, Emmanuel. Zakaria aliwahi kuwa mwalimu. Sasa ni mlevi, na nyumba inasimama juu ya mabega ya Regina. Mvulana anayeitwa Charles anamwandikia Rosa barua. Baba anaipata, naye anampiga binti yake kipigo ambacho msomaji hakisahau. Tangu siku hiyo Rosa hawezi kumtazama mvulana. Anakwenda shule ya bweni ya masista, na huko wenzake wanamcheka kwa kuwa anawaogopa wanaume kama mtu anavyoogopa moto uliokwisha kumuunguza. Halafu siku inafika hofu inageuka upande wa pili. Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo, anampata. Baadaye Rosa yuko chuo cha ualimu Morogoro, na hapo wanaume hawahesabiki, na mimba inatolewa. Mwisho anatulia, anakuwa mwalimu mwema, Charles anarudi, wanachumbiana. Charles anataka kujua kama ni bikira. Anajua, anamwacha. Rosa anajiua.

Nimeyasema haraka kwa sababu mengi mnayajua. Mahali ninapotaka tukae ni kwenye jina. Rosa Mistika si jina la kuokota. Katika litania ya Kilatini ni sifa mojawapo ya Bikira Maria, Waridi la Fumbo. Wakatoliki wa Ufipa, ambao ni wengi humu, wamelisikia tangu utotoni. Hebu fikirini mzigo huo. Mtoto anapewa jina la Bikira, kisha nyumba nzima, na Zakaria mbele, inamlinda ili alingane na jina. Hakuna anayemwambia mwili wake ni kitu gani. Hakuna anayemwambia mvulana ni kitu gani. Anaambiwa tu kwa fimbo kwamba msichana ni kitu kinachoweza kuharibika. Huo ndio utambulisho aliopewa, na alipoona ameharibika kweli, kwa hesabu ya baba yake, hakuwa na utambulisho mwingine wa kurudia. Mtu aliyeambiwa kwamba yeye ni chungu, siku akipasuka anajiona vigae.

Ng'ambo ya pili yuko Oscar. Ni hadithi ya kubuni iliyowekwa katikati ya historia ya kweli ya Ufaransa. Jenerali de Jarjayes ana mabinti watano na anataka mrithi wa upanga wake. Mwaka 1755 anazaliwa wa sita, naye ni wa kike. Jenerali anachoka kungoja. Anampa mtoto jina la kiume, Oscar François, na kuamuru alelewe kama mvulana: farasi, upanga, bunduki, suruali. Oscar anakua hodari kuliko wavulana wote wa rika lake, anakuwa askari wa ulinzi wa malkia Marie Antoinette, na kisha kamanda. Msidhani anajificha. Ikulu nzima inajua kwamba yule kamanda mwenye nywele za dhahabu ni mwanamke, na yeye mwenyewe anajua. Mara moja tu katika hadithi yote anavaa gauni, ili acheze dansi usiku mmoja na mtu anayempenda, Fersen. Baada ya usiku huo anarudi kwenye sare yake.

Tazameni basi. Baba mmoja alimpa binti jina la Bikira, baba mwingine alimpa binti jina la kiume. Mmoja alisema: utakuwa mwanamke kupita wanawake wote. Mwingine alisema: hutakuwa mwanamke kabisa. Ukiangalia kwa haraka utadhani wamefanya mambo yaliyopingana. Mimi naona wamefanya jambo moja. Kila mmoja aliandika juu ya mtoto kabla mtoto hajajua kusoma. Sisi wa hapa tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, maana jina la mji wetu lenyewe ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Tumezoea jina linaloamrisha.

Kuna mtu atasema: Mwalimu, mambo haya ya jinsia yameletwa na ndege kutoka ng'ambo. Nimesikia hata leo asubuhi kwenye chai. Nami namjibu kwa heshima kwamba simulizi la mwanzo wa utawala wa Ufipa linahusu jambo hili hili. Wazee wanasimulia kwamba chifu wa Milansi alikuwa amekwenda kuwinda, wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali, wakakalia kiti chake. Aliporudi aliwakuta wamekwisha kukaa. Utawala wa nchi ukaenda kwa ukoo wa wale wanawake, ambao ndio Watwa waliotawala baadaye Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na heshima ya ibada na ukongwe. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekaa na Wafipa na kuandika vitabu kadhaa juu yao, aliona kwamba simulizi hili linaigawa nchi kama mwili: Milansi ni kichwa, upande wa kiume, Watwa ni kiuno, upande wa kike, na hakuna kinachoishi bila kingine. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Lakini usiniambie kwamba babu zetu hawakuwahi kuuliza ni nani anapaswa kukaa juu ya kiti, mwanamume au mwanamke, na kwa nini.

Wajapani nao waliuliza swali la kiti. Kabla ya Oscar, mwaka 1953, mchoraji Osamu Tezuka alianza hadithi ya Sapphire, binti wa mfalme aliyezaliwa na mioyo miwili, wa kiume na wa kike, na aliyelazimika kuishi kama mwana wa mfalme kwa sababu sheria ya nchi yake haikuruhusu mwanamke kurithi. Sapphire anajificha, ndipo hadithi inapopatia mbio zake. Oscar hajifichi, na ndiyo maana hadithi yake ni nzito zaidi.

Narudi kwa majeraha. Kiswahili kina neno zuri, kiwewe, na siku hizi wataalamu wanalitumia kwa ule mshtuko unaobaki ndani ya mtu wakati tukio lenyewe limekwisha kupita. Kiwewe cha Rosa kinajulikana na kila anayekisoma kitabu. Cha Oscar kimefichwa na farasi na sare nzuri, hata mjukuu wangu tulibishana. Yeye anasema Oscar hakujeruhiwa, alipewa uhuru ambao dada zake hawakuupata. Mimi nasema hakuulizwa. Hadithi yenyewe inatupa sote haki kidogo. Mapinduzi yanapokaribia, Jenerali anaingiwa na hofu, anataka sasa kumwoza binti yake ili amtoe jeshini. Yaani baada ya miaka 30 na zaidi ya kumwambia kuwa wewe ni mwanamume, anamwambia kuwa wewe ni mwanamke, panga mizigo yako. Oscar anakataa. Na katika kukataa anamshukuru baba yake kwa kumpa maisha mapana. Hapo mjukuu wangu alinyanyua kidole kuonyesha kwamba ameshinda. Nikamwambia soma tena: anamshukuru, lakini safari hii anaamua yeye. Ni mara ya kwanza baba na binti wanazungumza juu ya jambo lililofanywa naye alipokuwa mchanga wa siku moja.

Pia msimsahau Marie Antoinette, ambaye ndiye waridi la pili la hadithi ile. Huyu si wa kubuni. Alizaliwa mwaka 1755, na mwaka 1770 mama yake alimwoza kwa mrithi wa kiti cha Ufaransa akiwa na miaka 14. Katika picha za Ikeda anaonekana alivyokuwa, mtoto aliyevishwa almasi. Watu walimchukia alipokuwa mkubwa kwa ujinga na matumizi yake, na sikatai. Lakini ni nani aliyemfundisha kuwa mkubwa?

Vijana msicheke mkidhani ni mambo ya wafalme wa kale. Mwaka ule ule wa 1971 ambao Rosa Mistika ilitoka, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Rebeca Gyumi aliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hali kadhalika, msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, kwa miaka na miaka, na ni Novemba 2021 tu Serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Rosa hakuishi kuyaona hayo, maana ni mtu wa kitabuni. Wenzake wa kweli, ambao mimi na ninyi tulisoma nao shule za msingi za Laela, Mtowisa, Namanyere na Kirando, walikuwa wengi, na madawati yao yalibaki wazi.

Lakini hii ni shule ya wavulana, na sikuja kuzungumza juu ya wasichana wasiokuwapo. Nimekuja kwa ajili ya Charles.

Kila nilipofundisha kitabu hiki, wavulana walimlaani Zakaria. Hoja zao zilikuwa nzuri: mlevi, mkali, mnafiki. Baadhi walimlaani Rosa, na hao nao walikuwa na hoja. Niliwauliza juu ya Charles, darasa likanyamaza, kisha mmoja akasema Charles ni mtu wa kawaida tu. Hilo ndilo jibu nililolipata mwaka baada ya mwaka, katika shule mbalimbali, kwa maneno yaliyokaribiana. Mtu wa kawaida! Charles ndiye aliyeandika barua iliyoleta kipigo. Charles ndiye aliyerudi baadaye na kupima mapenzi yake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuna aliyempima nalo. Alipomwacha Rosa hakumpiga, hakulewa, hakupiga kelele. Alifanya tu kile alichofundishwa kuwa ni haki ya mwanamume. Zakaria alimjeruhi Rosa kwa fimbo. Charles alimmaliza kwa kufuata kanuni, na sisi wote tumekaa tunasema ni mtu wa kawaida.

Kezilahabi ni mwandishi mkali. Mwishoni anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, wasimame na kujieleza. Siku zote nimetamani Charles naye angeitwa shaurini. Labda mwandishi aliona kwamba Charles yuko darasani anasoma kitabu, na kwamba shauri lake lisikilizwe hapo.

Nasi tuulize Charles aliumbwaje, kama tulivyouliza juu ya Rosa. Mwaka 2009 ulifanyika hapa Tanzania utafiti mkubwa wa taifa zima juu ya ukatili dhidi ya watoto, ukatolewa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Tumezoea kusikia hilo, tunasikitika, tunaendelea. Sasa sikilizeni la pili: wavulana ni kama 1 katika kila 7. Na karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko na ndugu, mwalimu au mtu mwingine mwenye mamlaka juu yao.

Mmoja katika saba. Katika ukumbi huu wamekaa wavulana mia kadhaa. Siwaombi mwangaliane. Nawaomba mjue tu kwamba hesabu hiyo ina watu ndani yake, na kwamba msichana akijeruhiwa huambiwa ameharibika, mvulana akijeruhiwa huambiwa halikutokea. Anafundishwa kwamba mwanamume haliliki. Akifika kidato cha pili anajua kucheka kuliko wote. Akifika utu uzima anakuwa Zakaria, au anakuwa Charles, na hakuna anayejua ilianza wapi, hata yeye.

Katika shule moja niliyofundisha, si hii, alikuwapo mvulana mmoja aliyetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sauti yake ilichelewa kubadilika, mwendo wake ulikuwa mwepesi, akapenda kukaa peke yake. Wenzake walimbandika jina la kike. Sitalitaja. Alifuliza nguo za wakubwa, aliitwa kwa jina hilo mstarini hata mbele ya walimu, na walimu wengine walitabasamu. Tuliposoma Rosa Mistika niliwapa insha: mhusika yupi unamwelewa zaidi, na kwa nini. Darasa zima, wavulana 40 na zaidi, waliandika juu ya Zakaria na Regina na Bwana Maendeleo. Yeye peke yake aliandika kwamba anamwelewa Rosa, kwa sababu Rosa alipewa jina na watu, kisha watu hao hao wakamhukumu kwa jina walilompa. Aliandika kurasa mbili bila kufuta neno. Sikuisoma mbele ya darasa; nilimwita nikampa daftari mkononi, tukazungumza nje chini ya mkaratusi, kwa sababu hapakuwa na pahali pengine pa mwalimu na mwanafunzi kuzungumza bila masikio. Alinieleza mambo ambayo sitayasema hapa wala popote. Hayakuhusu sauti yake wala mwendo wake. Yalianza akiwa na miaka 8, na aliyeyafanya alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Kama mvulana yule alikuwa nani ndani ya nafsi yake, mwanamume wa aina gani, hilo ni lake, na hakunieleza wala sikumuuliza. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Huona kijana ambaye si kama wengine, husema lazima kuna kitu alifanyiwa; au husikia kijana alifanyiwa kitu, husema basi atakuwa si kama wengine. Vitabu vyetu viwili havisemi hivyo. Rosa alipigwa, na alibaki msichana yule yule, isipokuwa aliyejaa hofu. Oscar alilelewa kwa namna isiyo ya kawaida, na hakuna aliyemvunja, alikuwa yeye. Jeraha ni jambo moja, nafsi ni jambo jingine, na mlezi anayeshindwa kuyatenganisha humwongezea mtoto jeraha la pili juu ya la kwanza.

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya mawaridi haya mawili si ukali wa baba zao. Ni kwamba Oscar alikuwa na André. André ni yatima, mjukuu wa yaya wa nyumba ile, na alikua pamoja na Oscar tangu wakiwa wadogo. Wakicheza upanga yuko, wakienda ikulu yuko, nyuma kidogo, anashika farasi. Anapoteza jicho moja, kisha la pili linafifia, na bado anamwona Oscar kuliko wote wenye macho mazima. Kwake Oscar hakuwa mwana wa Jenerali wala binti aliyekosewa malezi. Alikuwa Oscar. Wanakufa siku mbili zinazofuatana, Julai 13 na 14 mwaka 1789, upande wa wananchi, yeye Oscar mbele ya ngome ya Bastille akiwa amekwisha kuvua cheo chake. Ni kifo, lakini si kifo cha mtu aliyekosa wa kumsikiliza. Rosa alikuwa na mama aliyempenda na kuchoka, wadogo zake, walimu, masista, wachumba, na katika watu wote hao hapakuwa na mmoja ambaye angeweza kukaa naye akamwambia yaliyompata tangu barua ile. Nimekisoma kitabu mara nyingi nikimtafuta mtu huyo. Hayupo.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa. Nina jambo la mwisho na ni la fedha. Katika ajenda ya mchana kuna fungu la michango yetu ambalo Kamati inapendekeza litumike kuezeka upya jukwaa la uwanja wa mpira. Jukwaa ni zuri na mimi pia nilicheza pale. Lakini nimezungukazunguka jana na Mkuu wa Shule. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo, ni kijana mwema, na meza yake iko katikati ya chumba cha walimu, kati ya meza ya mwalimu wa zamu na rafu ya viboko. Mwanafunzi akitaka kumweleza neno anasimama hapo, na walimu 11 wanasahihisha madaftari wakimsikiliza. Upande wa nyuma wa maktaba kuna stoo ya madawati mabovu, ina dirisha linaloelekea Mbizi. Ikisafishwa inatosha meza moja na viti viwili. Napendekeza jukwaa lingoje mwaka mmoja, na stoo ile ipigwe chokaa, iwekewe mlango, na mlango uwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani. Nakala 6 za Rosa Mistika nimemkabidhi mkutubi asubuhi hii, zote zina jalada.